Simba aliyefunika makala

Kwa zaidi ya miaka 30, simba wa Peugeot, aliye kwenye bamba la chuma la kutangaza magari hayo, alikuwa kifuniko cha makala ya mama mkubwa, huko Kamalondo, Lubumbashi. (Ninyi wa Dar mnasema mkaa.) Nilimwona tangu utotoni, nikamzoea, mwisho macho yakawa yanampita tu. Mwezi wa tisa nilienda kumsaidia mama mkubwa kupanga ua kabla ya mvua. Nikainua lile tole (bati, kwenu), uzito wake ukanishtua: tole la kuezekea nyumba si zito hivyo. Nikapitisha kiganja juu ya vumbi, bluu ikatokea.

Mama mkubwa hakutaka maneno mengi. "Beba, mwanangu, lakini uniletee tole ingine. Mvua iko karibu, na makala ikilowa tutapikia nini?"

Siku ileile nikampelekea tole jipya, nikafunga la zamani juu ya baiskeli, nikalisukuma hadi kwangu Katuba.

Halikuwa bango la barabarani. Lilisimama ndani ya duka la magari mjini, wakati mji bado unaitwa Elisabethville, kando ya gari jipya, juu ya miguu miwili ya bomba. Marehemu baba alifagia pale na kuosha magari akiwa kijana, kabla ya kuwa makanika. Duka lilipofungwa, akaondoka na simba, na miaka ikapita mpaka shemeji yake, yaani mama mkubwa, akamwomba kitu cha kufunikia makala.

Kwa baba, gari lilikuwa Peugeot 404. Ilitoka mwaka 1960, injini yake ya sentimita za ujazo 1618 imelazwa upande kwa digrii 45, na kila alipoieleza aliinamisha mkono wake hivyo ili tuone. Safari ya Afrika Mashariki ya 1963, ile ambayo magari 7 tu kati ya 84 yalifika mwisho na 404 ikashinda, aliisimulia kana kwamba vumbi lake lilimwingia machoni. Ndiyo maana sikuweza kumwacha simba chini ya makala.

Nilianza na maji na sabuni ya kipande. Masizi yalitoka, lakini yalibaki matone ya rangi ya nyumba na lami. Hayo niliyaondoa kwa wembe uliolowa, nimeulaza karibu sambamba na bamba, nikisukuma kidogo kidogo. Kona moja ilinichukua jioni tatu, na mbili kati ya hizo nilifanyia kwenye mshumaa.

Bamba lenyewe limepakwa emaye, ileile ya sahani na mabeseni ya bibi zetu. Ni unga wa kioo unaopakwa juu ya chuma na kuchomwa kwenye joto la nyuzi 800 hivi, mpaka unayeyuka na kushikana na chuma. Kwa kuwa ni kioo, jua haliichuji. Bluu ya simba huyu bado ni kali. Ila ukiigonga inabanduka, maji yanaingia pale, kutu inatembea chini yake na kuinua kipande kingine.

Jirani mmoja alinishauri asidi ya kusafishia choo. Nashukuru nilijaribu kwanza mgongoni, sehemu ya kidole kimoja. Madoa yalitoka, lakini mng'ao nao ukaenda, pakawa kama chupa iliyosuguliwa na mchanga, na mng'ao huo haurudi. Tafadhali, mwenye bamba la namna hii asiliguse kwa asidi ile. Nilitumia asidi ya oksaliki iliyozimuliwa sana, kwa glavu, dakika chache tu kila doa, kisha maji mengi. Na sikupiga msasa mkavu hata mara moja: emaye za zamani, hasa za manjano na nyekundu, zinaweza kuwa na risasi au kadimi, metali zenye sumu, na nina watoto ndani ya nyumba.

Palipobanduka, nilikwangua kutu iliyolegea kwa burashi ya shaba, nikapaka dawa yenye asidi ya fosfori kwa brashi ndogo ya shule, juu ya chuma kitupu tu. Kutu iligeuka nyeusi na kukaa kimya. Juu yake, vanishi.

Ni wakati nafanya kazi hiyo ndipo mdogo wangu, anayefanya kazi kwenye maabara ya madini, alipoinama kuangalia. Kati ya chuma na bluu kuna tabaka jembamba, jeusi linaloelekea bluu. "Yaya," akasema (ndivyo huku tunavyomwita ndugu mkubwa), "hii ni kobalti. Bila hiyo kioo hakishiki chuma." Akanieleza kwamba kiasi kidogo cha kobalti kwenye tabaka la kwanza ndicho kinachofanya kioo king'ate chuma. Bluu yenyewe ya juu, nayo ni kobalti.

Nilikaa chini. Miaka ile bamba hili linatengenezwa Ulaya, hakuna nchi iliyotoa kobalti nyingi kuliko Kongo, na yote ilitoka huku kwetu Katanga, kwa kampuni ya madini ya Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Udongo ulitoka hapa kwa treni, ukarudi una simba, na baba yangu akaufuta vumbi kila asubuhi.

Basi rafiki yangu mchoraji wa mabango, fundi hasa, alipokuja kutoka Kenya (komini ya mji wetu, si nchi) na makopo yake ya rangi ili ajaze lile pengo kubwa kifuani mwa simba, nilimkatalia. Alinuna. Kwake, simba mwenye jeraha ni kazi iliyoachwa njiani. Lakini pale kifuani ndipo kobalti inaonekana vizuri kuliko popote, ukingo mzima mweusi-bluu kuzunguka chuma. Siwezi kuifunika kwa rangi ya kopo. Nilimpa miguu aipake, na aliipaka vizuri sana.

Miguu yenyewe ni mipya. Fundi wa kuchomelea wa mtaani aliitengeneza kwa bomba. Nilimwomba amalize kuchomelea kabla bamba halijafika karibu, maana moto wa ghafla unapasua emaye. Kwenye kila bulo (bolti) niliweka vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, mbele na nyuma, na kukaza kwa vidole tu. Mwisho nikapaka nta ya nyuki, kutoka kwa wauza asali wa barabarani, niliyoilainisha kwa terebentine.

Sasa simba yuko sebuleni, kando ya dirisha. Jumapili iliyopita mama mkubwa alikuja. Alimzunguka polepole, akasoma herufi zote kwa sauti, kisha akaweka kiganja kwenye lile jeraha la kifuani. Kiganja kikaenea.

"Hapa," akasema, "ndipo nilikuwa naweka jiwe, upepo usimbebe."

Nilimvutia kiti, akakaa karibu naye mpaka chai ikaiva.