Kaniuliza mgonjwa wangu yuko wodi gani

Tangu Jumanne nasema peke yangu jikoni. Baba Neema kaniangalia, kanyamaza, kaendelea na chai yake. Ni neno la mtu, limenikaa kooni kama mwiba wa mbasa.

Mnaikumbuka habari ya hita. Tuliomba hita ya pili ya chumba cha kangaruu, kile ambacho mama humbeba mtoto njiti kifuani ngozi kwa ngozi, baridi haijaanza, na sasa ni Julai, Mbeya yetu hii, alfajiri upepo unapenya chini ya mlango na akina mama wamejifunga vitenge viwili viwili na watoto wao vifuani. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, hana mafuta mwilini ya kumkinga. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5, maziwa yote unayompa anayatumia kujipasha, hakui. Kangaruu yenyewe ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, vitanda vya joto vilipokuwa havitoshi, na hadi leo kifua cha mama hakijapata mshindani. Lakini mama naye anatetemeka! Atampa mtoto joto gani?

Basi nikachukua nakala ya barua, nikapanda utawala.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Karibu dada. Mgonjwa wako yuko wodi gani?"

Nilikuwa nimevaa sare. Sweta juu, sawa, mwezi huu nani hana sweta, lakini gauni jeupe lilionekana na saa ilikuwa imening'inia kifuani.

"Mimi ni mfanyakazi, bosi. Natoka wodi ya njiti."

"Ahaa. Cheki namba, ile ya utumishi?"

Nikamtajia. Akaiandika pembeni ya barua. Jina hakuniuliza.

"Umeajiriwa lini?"

"2013."

Akacheka, tena bila ubaya wowote. "Taasisi ni kubwa hii, dada." Kisha akaniambia mwaka wa fedha ndiyo kwanza umeanza, hita imo kwenye mpango, ipitie kwanza NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali, tusubiri.

Sahihi ya mtu huyu iko kwenye fomu zangu zote za likizo. Barua ya kunipandisha daraja ilipita mezani kwake. Kila nikiosha vyombo namjibu upya. Mara namwambia, "Bosi, tulikaa meza moja kwenye sherehe ya Mei Mosi." Mara namwambia jina langu tu, Tumpe, taratibu, kisha nanyamaza nione atafanya nini. Mara simwambii kitu, naichukua barua yangu naondoka. Angekuwa mkali ningemchukia yakaisha. Alicheka vizuri, ndiyo maana sipati pa kumshika.

Kazi zetu siku hizi tunazijaza kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, na mimi najaza, sibishi. Ila ile saa tisa ya usiku unaposhika bomba la sindano juu, maziwa yashuke yenyewe kwenye mpira wa kumlishia njiti bila kusukumwa, mililita chache, baada ya saa tatu tena, na mama pembeni anahesabu pumzi za mwanawe, hiyo naiandika kwenye jukumu lipi?

Wiki hii sendoff ya Tusa imepita salama, mgeni mkubwa wa wizara kaja kaondoka, nyumbani maji hayatoki tangu Jumatano.

Halafu usiku wa kuamkia jana, zamu yangu, wakaleta mtoto kutoka Chunya. Gramu 1,100. Mweupe midomo hadi viganja, anapumua anaacha, anapumua anaacha. Daktari alifika kabla sijamaliza kumfunika. Damu ilihitajika pale pale, na kwa uzito ule ni kama mililita 16 tu. Nikapiga simu maabara, nikasema "haloo", sijaongeza neno.

"Sista Tumpe! Wa gramu ngapi?"

Nikamwambia.

"Lete sampuli, natafuta mfuko mdogo. Usikimbie kwenye ngazi, kumelowa."

Huyu kaka hatujawahi kukaa meza moja popote. Uso wake mchana sina hakika ningeutambua. Lakini sauti yangu anaijua, hata ngazi ninazopita anazijua. Damu ikaja. Fundi wa oksijeni akaja na koti juu ya pajama. Mlinzi alishafungua mlango wa nyuma bila mtu kumwomba. Kulipokucha yule mtoto alikuwa na rangi ya mtu.

Nimewahi kufanya kazi zahanati kule Ileje, wa zamani mnajua. Kijiji kizima kiliniita kwa jina, ndizi zilinifuata hadi mlangoni. Na njiti akizaliwa, tulimfunga vitenge tukampakia kwenye bodaboda na bibi yake, tukabaki tunaomba. Afadhali leo wenzangu kule wanapiga 115, m-mama, wale wa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, wanatuma gari. Wakati wangu haikuwepo. Yule wa Chunya kule nisingemsaidia kwa lolote, hata wangenijua hadi jina la babu yangu. Damu, mashine ya kupumulia, daktari wa watoto wa kumwamsha usiku, vyote hivyo viko hapa kwa sababu hapa ni pakubwa. Nalisema hili kwa moyo wote, na bado nataka yule bosi alijue jina langu. Jumatatu napanda tena kufuatilia hita, na safari hii naanza kwa kulitaja.

Leo asubuhi mama wa Chunya amempakata mwanawe kifuani kwa mara ya kwanza. Kaniita "nesi", nikaitika.

Ningelala sasa, ila Lusajo, utingo wa lori, hapatikani kwenye simu. Aliniambia wanapakia mzigo wa Tunduma jioni, na kwamba dereva kalalamikia breki tangu Makambako. Huo mteremko wa Mbalizi mnaujua. Utingo hana sauti mbele ya tajiri, hilo nalielewa, lakini simu si angewasha? Nimempigia mke wa dereva, naye hapokei.