Siku moja maishani mwangu: askari wa hifadhi kwenye mlima unaopakana na jiji

Saa 11 alfajiri

Jumapili ndiyo siku ngumu kuliko zote kwetu. Mlima ukiwa mbali, mgeni hupanga safari wiki nzima. Ukiwa karibu na jiji, mtu anaamka, anaona anga limetakata, anavaa viatu na kuja. Kwa hiyo kabla hawajafika napitia kifaa cha kuhesabia watu kilichofichwa pembeni mwa njia kuu. Kila anayepita anakata mwale wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kuhesabiwa. Nanukuu hesabu ya jana na kubadilisha betri.

Saa 12 na nusu

Usiku mvua imenyesha. Nakanyaga udongo wa njia ya mashariki na kisigino kinazama. Naamua kufunga kipande cha juu hadi mchana.

Baba mmoja aliyekuja na wanawe hakuridhika. "Afande, sisi tope halitusumbui, tuna viatu imara."

"Nimeviona, baba, ni vizuri. Ninayoihofia ni njia."

Nikamwonyesha. Mtu akikuta dimbwi katikati ya njia, anakanyaga nyasi za pembeni. Anayemfuata anakuta pale napo pameshakuwa tope, anasogea zaidi. Njia ya upana wa mita moja inageuka uwanja. Kila unyayo uliozama unatuamisha maji, na maji yakipata mteremko yanachimba mfereji. Alinisikiliza, akawapeleka watoto njia ya magharibi, ambayo ni ya mawe. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Saa 2 asubuhi

Kwenye kona ya tatu nakuta njia ya panya mpya. Watu wamechoka kuzunguka kona, wamekata moja kwa moja kushuka. Nikapiga magoti kuitazama. Nyasi zimelalia upande wa chini, mche mmoja umevunjika shingo, na mzizi wa mti umechubuka hadi weupe wa ndani unaonekana. Haijafika hata wiki.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani njia ndogo namna hii haina madhara, hadi wapite maelfu. Mwaka 1993 watafiti David Cole na Neil Bayfield walichapisha utaratibu wa kupima jambo hili: unachukua vipande vya uoto, unavikanyaga mara 25, 75, 200 na 500, kisha unalinganisha na kipande ambacho hakijaguswa. Majaribio ya aina hiyo yameonyesha mara nyingi kwamba hatua za mwanzo ndizo zinazoua sana, hasa mimea yenye mashina laini. Baada ya hapo uharibifu unaendelea polepole, kwa sababu kilichobaki cha kuharibu ni kidogo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka wageni watawanywe mlima mzima ili "kupunguza mzigo". Ukiwatawanya, unapeleka hatua za mwanzo kila mahali. Bora watu elfu moja kwenye njia moja iliyojengwa vizuri kuliko watu hamsini kwenye njia kumi za panya.

Saa 4 asubuhi

Tumekuja watatu kuifunga njia ile ya panya, na sururu, majembe na msumeno. Udongo ulioshindiliwa tunaukwatua ili mbegu zipate pa kushika. Juu yake tunalaza matawi makavu, na mawe tunayazika nusu yasing'oke. Kazi kubwa iko kwenye ncha mbili: mgeni akisimama juu au chini asiione njia hiyo kabisa. Ukiweka kibao tu na mteremko ukabaki wazi, watapita kando ya kibao.

Saa 7 mchana

Kileleni kumejaa. Maganda ya matunda, tishu nyuma ya miamba, ndege waliozoea kulishwa. Wengi husema maganda yataoza yenyewe; kwenye baridi ya juu yanakaa miezi. Tunaokota, tunaongea nao, tunaendelea.

Saa 9 alasiri

Kikao kifupi na wakubwa. Limekuja tena pendekezo la kuweka kikomo cha wageni, kama Japani ilivyofanya mwaka 2024 kwenye njia ya Yoshida ya mlima Fuji: watu 4,000 kwa siku na ada ya yeni 2,000. Kikomo kinasaidia msongamano, sikatai. Lakini kwa watu wengi wa jiji, huu ndio msitu pekee wanaoweza kuufikia kwa miguu. Kabla ya kuwafungia geti, tuwape njia inayopitika wakati wa mvua.

Saa 12 jioni

Nimehakikisha wa mwisho ameshuka, nikaandika ripoti. Nimeomba mawe ya ngazi kwa kona ya tatu na mitaro ya kukatisha maji kwenye njia ya mashariki. Mabango sijaomba.