Karakana yangu Kirumba, Mwanza: kufundisha bila kumwambia mteja "njoo kesho"

Mafundi cherehani tuna sifa mbaya, na tumeitafuta wenyewe. Mteja akiambiwa Ijumaa anajua ni Jumatatu. Akija Jumatatu anakuta kitambaa chake kimekunjwa vilevile alivyokileta, na fundi anamtazama usoni bila haya: "Dada, njoo kesho asubuhi, kimebaki kifungo tu." Sasa chukua karakana ya namna hiyo uijaze wanafunzi wanaouliza swali kila dakika, uone patakavyokuwa. Ndiyo maana watu waliniambia nichague moja, niwe mwalimu au niwe fundi. Mimi nilitaka vyote viwili, na juu yake nikaweka mtambo wa kufumia unaokula nusu ya chumba. Wenzangu wa kazi hii wananiuliza sana ninafanyaje, na jibu lake si la kusimama mlangoni.

Jambo la kwanza lilikuwa kalenda. Wavuvi wa dagaa hapa Mwaloni, soko letu la samaki, hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, wanashona nyavu na kulala. Sisi pia tuna giza letu la kazi na mbalamwezi yetu ya kupumzika, ila mafundi wengi hawaiangalii. Kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari ni sare za shule, na watoto wa kidato cha kwanza ndio wanaotuua, kwa sababu mzazi hanunui kitambaa mpaka ajue mwanawe amepangiwa shule gani. Humo humo iko Krismasi. Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa mwezi Mei, fedha zinaanza kuingia Magu, Kwimba na Misungwi, na baada ya hapo ni harusi, sendofu na vikundi vya akina mama wanaotaka kitenge kimoja kwa watu ishirini wa maumbo ishirini. Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo naiandika upya kwenye ukuta kila Januari. Kinachobaki ni Februari hadi Aprili. Mvua zinanyesha, watu wamelipa ada, mfuko umekauka. Mafundi wengi miezi hiyo wanalalamika. Mimi ndipo ninapopokea wanafunzi, na sipokei mwezi mwingine wowote hata mzazi aje na mbuzi. Anayeanza Februari, Desemba ikifika mkono wake umeshakomaa kiasi cha kushona kaptula ya kaki bila kunitoa jasho. Anayeanza Oktoba atakaa miguuni mwangu wakati nahitaji kupumua.

Wiki za kwanza hakuna uzi. Mwanafunzi anakaa kwenye cherehani ya miguu, anachomoa uzi, anaweka karatasi ya daftari na kufuata mistari kwa sindano tupu. Matundu yakikaa juu ya mstari, tunahamia mistari ya kujipinda niliyoichora kwa sahani. Vijana wanachoka haraka, hasa wale waliozoea kuona nguo inazaliwa kwenye simu kwa dakika moja. Lakini mguu usiojua kusimamisha gurudumu mahali unapotaka hautashona kola maisha yake yote. Hata umeme ukiwapo sianzi na mashine ya umeme: ile inakimbia, na mwanafunzi anaifuata nyuma. Baada ya karatasi ni foronya, halafu gagulo la lastiki, halafu sketi ya marinda. Hapo kwenye marinda ndipo hesabu zinapowakuta waliodhani wamezikimbia shuleni. Marinda yanayogusana yanakula kitambaa mara tatu ya kiuno. Kiuno cha inchi 26 kinataka inchi 78 kabla hujaongeza za mshono. Nimewaona wasichana waliofeli hesabu mtihani wa taifa wakizipiga hizi kichwani, tena kwa inchi na robo zake.

Kuhusu kitambaa cha mteja nilijiwekea utaratibu ambao ndio roho ya karakana: mwanafunzi hapewi nguo, anapewa hatua. Mmoja wiki nzima anapinda mapindo tu. Mwingine anatia zipu. Mwingine yuko kwenye ovaloku, na mwingine anapiga pasi, kazi ambayo wanaidharau mpaka siku wanapoona shati lililopigwa pasi kila mshono likitofautiana na lililopigwa mwishoni tu. Wiki ikiisha wanazunguka. Kukata nakata mimi, au msaidizi wangu. Sababu haina siri: mshono mbaya unafumuliwa, lakini mkasi ukishapita umepita. Na kwenye kitenge kuna mtego mwingine, maua yana kichwa na miguu. Ndege wakiwa wanaruka juu kifuani na mgongoni wameanguka kichwa chini, mteja ataona kabla hajavaa. Kwa hiyo kabla ya mkasi, kila kipande kinachorwa mshale wa chaki kuonyesha juu ni wapi, nami nautazama mshale kuliko ninavyotazama vipimo. Vitenge vyote tunaviloweka na kuvianika kabla ya kukata, visije vikanywea baada ya kushonwa. Anayeona tunapoteza muda namwambia aende akanunue nguo iliyokwisha kuingia maji na kupanda juu ya goti.

Wembe nimeupiga marufuku. Najua mafundi wote wanafumulia wembe, na wengi wana mkono wa ajabu, lakini mwanafunzi akiteleza nusu inchi ametoboa kitambaa cha mtu aliyekidunduliza kwa miezi. Tunafumulia mkasi mdogo wenye ncha, uzi mmoja kila baada ya mishono mitatu, halafu unavuta wa upande wa pili na wote unatoka.

Kila oda ina mfuko wake. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019, tulianza kushona mifuko ya vibaki vya tetroni, na leo siwezi kufanya kazi bila hiyo. Ndani mnaingia kitambaa, uzi wa rangi yake, zipu, vifungo na kadi ya vipimo. Vibaki vya kitambaa chenyewe vinarudi humohumo, hata kiwe kipande cha upana wa kiganja. Nadhani hili limeniletea wateja kuliko mshono wowote. Mama wa Mwanza ana shaka moja kubwa na fundi, kwamba amekula kitambaa. Akifungua mfuko nyumbani akakuta vipande vyake vimekunjwa, hatauliza tena bei ya jirani. Kwenye kadi naandika tarehe mbili: ya kumaliza, ambayo ni yetu, na ya kuchukua, ambayo ni ya mteja, na kati yake nyongeza ya siku mbili. Mwanafunzi hujua ile ya kwanza tu. Umeme ukikatika, mtu akifiwa, kivuko cha Ukerewe kikichelewa na msaidizi wangu yumo ndani, zile siku mbili zinabeba. Advansi ni nusu. Asiyelipa nusu kitambaa chake nakipokea kwa heshima, nakiweka rafu ya juu, na namwambia kabisa kwamba hakijaingia kwenye foleni.

Mwaloni uko karibu, na upepo ukigeuka harufu ya dagaa inaingia hadi kwenye bobini. Mashati meupe hayaning'inizwi dirishani, yanakaa kwenye mifuko mpaka mwenyewe aje.

Sasa mtambo. Kwa nini nifume wakati vitenge vya dukani vimejaa kwenye maduka ya Makoroboi na ni rahisi? Kwanza kuna soko: skafu, vitambaa vya meza, mashuka mazito ya kutandika, wageni wananunua na wenyeji wanaotaka zawadi ya harusi isiyofanana na ya mtu mwingine wananunua. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba pamba ya nchi hii karibu yote inalimwa hapa Kanda ya Ziwa, unaiona kwenye malori ikienda kuchambuliwa, halafu sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi, na mimi ninayekaa katikati ya pamba naagiza koni za uzi kutoka Dar es Salaam. Siwezi kulirekebisha hilo. Ninaloweza ni kumfanya msichana wa Magu, ambaye amechuma pamba utotoni mpaka vidole vikachubuka, aone inavyogeuka kuwa nguo.

Mtambo wetu una makanyagio manne, ulichongwa na seremala wa hapa mjini, isipokuwa kitana cha chuma, yaani lile chanuo ambalo nyuzi zinapita kwenye meno yake. Kazi yenyewe ya kupitisha mshindio, uzi wa kukingama, kulia na kushoto mtu anaijua mchana mmoja. Mateso yako kwenye mtande, zile nyuzi za urefu zinazotandazwa kwanza. Tuseme unataka skafu 6, kila moja mita 2, upana sentimita 60, nyuzi 8 kwa sentimita. Hizo ni nyuzi 480. Urefu ni mita 12, ongeza asilimia 10 kwa sababu uzi unapanda na kushuka ukipishana na mshindio, ongeza sentimita 70 za mwanzo na mwisho ambazo mtambo hauzirudishi. Unafika kama mita 14. Zidisha na 480, umeshatembeza uzi zaidi ya kilomita 6 na nusu kabla hujafuma hata kidole kimoja. Nawapa wanafunzi hesabu hii wenyewe, na nawaacha wanyamaze.

Kuviringisha mtande ni kazi ya watu wawili, na hapo ndipo ninapomjua mwanafunzi. Mmoja anazungusha gogo la nyuma, mwingine anasimama mbele ameshika shungi la nyuzi kwa mikono miwili, anarudi nyuma kidogo na kulivuta kwa uzito wa mwili wake, si kwa misuli, maana misuli inachoka na nyuzi zinalegea bila yeye kujua. Kila mzunguko tunaweka karatasi ngumu ili nyuzi za juu zisizame kwenye za chini. Tunatumia kalenda za ukutani za miaka iliyopita. Magazeti hayafai, wino unahamia. Baada ya kila mita wanasimama, na namwambia anayezungusha afumbe macho, apitishe kiganja juu ya mtande kutoka pembe hadi pembe. Penye ulegevu kiganja kinazama. Macho hayaoni, mkono unaona. Wakishaweza hivyo, nikiwarudisha kwenye cherehani na kuwaambia uzi wa juu umekaza kuliko wa bobini, hawaniulizi nimejuaje.

Uzi ukikatika, na utakatika, tunaufunga kwa fundo tulilofundishwa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Mwatex, kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza, enzi zile kikiwa cha serikali. Alikuja kutengeneza suruali, akasikia sauti ya kitana, akasahau suruali. "Mwangaluka, mwanangu, hilo fundo lako litanasa," akaniambia, akinisalimia kwa Kisukuma, akakaa chini. Fundo lake ni dogo, bapa, linapita kwenye meno ya kitana bila kugonga. Alilifunga kwa mkono mmoja huku akinisimulia habari za foleni ya mshahara. Yeye pia ndiye aliyenieleza kwa nini nyuzi zangu zinakatika zaidi mwezi wa saba kuliko wa nne: pamba ikilowana kidogo inapata nguvu, ikikauka inakuwa dhaifu. Tangu hapo kiangazi tunamwagia maji sakafu ya saruji chini ya mtambo kila asubuhi, na tunafuma mapema kabla jua halijapiga bati. Jioni hatufumi kabisa. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakipanda makundi kwa makundi, taa ndiyo wanayoitafuta, na mdudu mmoja akibanwa na kitana kwenye mtande mweupe ameacha alama.

Mtambo unanisaidia pia kwa jambo ambalo sikulitegemea. Mchana karakana ikichafuka, wateja wamejaa benchi, mtoto analia akivalishwa sare, namchukua mwanafunzi aliyechanganyikiwa na kumpeleka kwenye mtambo kwa nusu saa. Anarudi ametulia. Wateja nao wakitazama kufuma wanasahau kunihesabia dakika.

Linalobaki ni swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini: je, wakimaliza si wanakufungulia kibanda jirani na kukunyang'anya wateja? Wanafungua, ndiyo. Mmoja yuko mtaa wa pili, mwingine Buswelu, mwingine amerudi Sengerema. Wanaotaka cheti nawaelekeza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa sababu kuna utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini. Mimi sitoi karatasi, natoa cherehani ya kufanyia mazoezi mpaka siku ya mtihani. Halafu Desemba ikifika, sare zinapozidi uwezo wa chumba changu, nakata mimi, nafunga kwenye mifuko pamoja na uzi na vifungo, na bodaboda anaigawa kwao. Wanashona usiku, wananirudishia asubuhi, nakagua kola na tundu za vifungo, nawalipa kwa kipande palepale mkononi. Mwaka jana yule wa mtaa wa pili alirudisha mfuko mmoja bila kushona, na karatasi ndogo ndani: "Mwalimu, huu mshale umechorwa chini juu." Nikautazama vizuri, nikakuta kweli. Nikakata upya, kwa kitambaa changu.