Picha kwa hisani ya mtandao

Ukipekua blogu na magazeti yetu, hutakosa kukuta chini ya picha maneno haya: "Picha kwa hisani ya mtandao". Mtandao haujawahi kushika kamera, na asiye na mali hana hisani ya kumfanyia mtu. Picha hiyo ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda tangu kazi yake ilipoundwa, awe ameisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, au hakuisajili. Na kwa kazi ya fasihi, kwa mfano, ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Leseni huria haziondoi haki hiyo, bali zinasimama juu yake. Anayeweka kazi yake chini ya leseni ya Creative Commons, shirika lililotoa leseni zake za kwanza Desemba 2002, hubaki mwenye mali, ila hutangaza mapema mambo ambayo watu wote wanaruhusiwa kuyafanya bila kumpigia hodi. Leseni zote sita zinadai mtunzi atajwe; zinatofautiana katika suala la biashara na la kuibadili kazi.

Hapo pa kubadili ndipo ninapopata taabu mimi ninayetafsiri hadithi za watoto. Wapo waandishi wanaochagua leseni isiyoruhusu mabadiliko kwa kuhofia hadithi zao zisije zikaharibiwa, na papo hapo wanatamani zisomwe kwa Kisukuma na Kihaya, ilhali tafsiri nayo huhesabiwa kuwa badiliko, hivyo siwezi kuichapisha. Tazama African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini: kwa kuwa hadithi zake nyingi zina leseni inayodai kutajwa tu, hadithi moja unaweza kuikuta kwa Kiswahili, Kiganda na Kizulu. Chini ya tafsiri ya hadithi ya namna hiyo huandika jina la mwandishi, la mchoraji (ambaye husahaulika mno, maskini), leseni na toleo lake, kiungo cha ilikotoka, na kwamba nimeitafsiri.

Leseni hizi hazifutiki: ukibadili mawazo kesho, aliyekwisha kuipata kazi kwa masharti ya jana anaendelea nayo. Kuongeza ruhusa, hata hivyo, kunawezekana wakati wowote, kwa hiyo mwandishi aliyezuia mabadiliko anaweza kuniandikia barua pepe ya mistari miwili ya kuniruhusu mimi peke yangu nitafsiri, na leseni yake ikabaki vilevile kwa wengine wote.