Mama, Madina na Karatasi ya Milio

Nia ya mama ya kwenda Makka kufanya Umra ilikuwa ya siku nyingi kuliko umri wangu. Alikuwa akiuza nazi na makuti kule Pangani, na kila alichodunduliza kilitoka tena: mara ada ya shule, mara matibabu ya baba. Mwishoni mwa 2023 fedha zikatimia, na magoti yake yalikuwa yameshaanza kumkataa. Kilichobaki ni mtu wa kufuatana naye. Mtu huyo nilikuwa mimi, na mimi ndege nilikuwa siipandi.

Basi la Tanga hadi Dar lilikuwa halinisumbui hata kidogo. Lakini nikifikiria tu mlango wa ndege ukifungwa, kifua kinabana, midomo na vidole vinakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi. Watu waliniambia nimtegemee Mungu, na nilimtegemea, lakini ganzi ilikuja vilevile. Daktari mmoja ndiye aliyenieleza inatoka wapi. Mwenye hofu huvuta pumzi fupifupi na nyingi kuliko anazohitaji. Kabonidayoksaidi hupungua mno katika damu, na mwili hujibu kwa ganzi, kizunguzungu na kifua kubana. Moyo hauna ubaya wowote. Tiba yake ni kuirefusha pumzi ya kutoka: vuta kwa pua ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita au saba, endelea kwa dakika tano. Akasisitiza kwamba ukingoja kuijaribu siku ya safari, hofu ikiwa imeshapanda, haitakusaidia sana. Ni zoezi la kila siku nyumbani, mpaka mwili uijue njia wenyewe. Nikalifanya kila baada ya sala ya Alfajiri, kwenye mswala palepale.

Makaratasi sitayaeleza kwa urefu, ila mambo matatu huwakwamisha wazee wetu wengi. La kwanza ni jina. Kitambulisho cha taifa kinaandika hivi, cheti cha kuzaliwa vile, herufi moja tu imezidi, na hapo pasipoti inasimama hadi uende kwa wakili kuapa. Anza na hilo kabla hujalipa senti kwa wakala. La pili ni uhai wa pasipoti, ambayo inatakiwa iwe na angalau miezi sita mbele. La tatu ni chanjo: ya homa ya uti wa mgongo, ile inayokinga aina nne za A, C, W na Y, na sisi tulichanjwa pia ya homa ya manjano. Zote zichomwe si chini ya siku kumi kabla ya safari. Kadi ya homa ya manjano haiishi muda tena tangu 2016, kwa hiyo aliyenayo ya zamani asiitupe.

Kwa wakala niliomba kitu kimoja, tuanze Madina. Anayeruka kwenda Jidda kwa nia ya kuingia Makka moja kwa moja anavuka angani mikati, ule mpaka wa kunuia ibada, kwa hiyo mwanamume lazima avae ihramu, zile shuka mbili zisizoshonwa, mapema au abadilishe ndani ya choo cha ndege, kisha anuie rubani anapotangaza. Kwa mtu anayepambana na hofu huo ni mzigo juu ya mzigo. Ukianza Madina, ihramu unaivaa ardhini, Abyar Ali, mikati ya wanaotoka Madina, kwa utulivu.

Aliyenivusha hasa ni jirani yangu wa Ilala, mzee aliyestaafu ufundi wa ndege. Hakuniambia nisiogope. Alinikalisha barazani, akachana karatasi ya daftari.

"Unaogopa kwa sababu kila mlio unaukuta hujauandalia jibu," akasema. "Mimi nitakupangia milio. Wewe kazi yako ni kuihakiki."

Akaandika kwa utaratibu wake. Injini zinapowashwa, ubaridi unaotoka juu ya vichwa hukatika kwa muda, kwa sababu hewa inayoendesha vipoza ndiyo hiyohiyo inayoazimwa kuzungushia injini. Ndege ikishika njia ya kurukia, ngurumo hupanda na mgongo hukandamizwa kwenye kiti kwa muda usiofika dakika moja. Ikiacha ardhi, husikika kishindo chini ya sakafu, nacho ni magurudumu yanaingia na milango yake inafunga. Kisha akapigia mstari jambo la nne mara mbili. Muda mfupi baada ya kuruka, mngurumo hupungua ghafla na tumbo huhisi kama ndege inashuka.

"Hapa ndipo watu hushika viti," akasema. "Injini haijazimika. Nguvu ya kuruka ni kubwa kuliko ya kupanda, kwa hiyo rubani huipunguza. Ndege bado inapanda, ila imeacha kuongeza mwendo kwa kasi ileile, na sikio la ndani linadhani imeanguka. Sikio linadanganyika, kijana wangu, wala usilisikilize."

La tano ni mlio mrefu wa mota kwenye mabawa, vile vibao vya nyuma vilivyoteremshwa kwa kurukia vinarudishwa. Wakati wa kutua, vibao hushuka tena kwa awamu, magurudumu hutoka kwa kishindo dakika chache kabla ya kugusa ardhi, na yakishagusa injini hunguruma kuliko ulivyotarajia, kwa sababu upepo wake unageuzwa mbele ili kusaidia breki. Akamalizia na mitikisiko. Bawa limetengenezwa lipinde, na lisilopinda ndilo la kuogopa. Ndege inayotikisika hupanda na kushuka kidogo tu, hata kama tumbo linahesabu mamia ya mita. Wanaoumia karibu wote ni waliofungua mkanda. Kiti cha usawa wa mabawa hutikisika kidogo kuliko cha mkiani, basi kiombe hicho, na safari ya alfajiri huwa na hewa tulivu kuliko ya mchana jua likiwa limeshapasha ardhi.

Upande wa mama, kazi ilikuwa kisukari na magoti. Insulini haiwekwi kwenye begi la kupakiwa chini, kwani huko inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Tuliibeba mkononi kwenye boksi lake la duka la dawa, pamoja na sindano, kipima sukari, barua ya daktari, na tende na biskuti za dharura. Saa za Saudia na zetu ni moja, kwa hiyo ratiba ya dozi haikubadilika hata kwa dakika. Kwa anayesafiri na mzee mwenye sukari hilo ni jambo la kushukuru.

Kiti cha magurudumu huombwa wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla. Kuna makundi matatu: anayeweza kupanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu, asiyeweza ngazi, na asiyeweza kutembea kabisa. Ukitaja kundi lisilo lake, mtaletewa msaada usiofaa. Mama alikuwa wa kundi la pili, ila mwenyewe alikuwa hataki kusikia.

"Mimi si kiwete," akasema mlangoni pa Jengo la Tatu la uwanja wa ndege wa Dar, akiwa ameshika mkoba wake kifuani.

"Si ukiwete, mama. Magoti haya tunayawekea akiba ya vilima vya Safa na Marwa."

Akakitazama kile kiti, akamtazama kijana aliyekileta, ambaye alikuwa ameshamwamkia shikamoo. Akakaa. Kwa kukaa kule tukapitishwa ukaguzi na uhamiaji kwa njia fupi, na tukawa wa kwanza kuingia ndegeni. Mwenye hofu anapata faida hapo, kwani unakaa, unafunga mkanda na unaanza pumzi zako kabla ya msukumano wa mabegi.

Mlango ulipofungwa, ganzi ilikuja kama kawaida yake. Nikaweka karatasi ya mzee juu ya paja, kalamu mkononi. Ubaridi ukakatika, nikatia alama ya vema. Mgongo ukakandamizwa, vema. Kishindo cha magurudumu, vema. Mama akainama kutazama.

"Unaandika nini, babaangu?"

Nikamsomea la nne, na sijafika mwisho wa sentensi mngurumo ukapungua na tumbo likaniruka. Mama akanishika kiganja, akasema, "Si ndiyo hiyo uliyoisoma?" Ndiyo yenyewe. Nikatia alama, na mwandiko wa alama ile ulitetemeka kiasi cha kuitoboa karatasi.

Mtikisiko ulitukuta tukiwa kaskazini zaidi. Hofu ilipanda yote, na nilichofanya ni kuiacha ipande. Mtu akishindana nayo huvuta pumzi zaidi na kuichochea. Akiiacha, hukaa kileleni dakika chache kisha huanza kushuka, kwa sababu mwili hauwezi kuishikilia hali ile kwa muda mrefu. Nikakaza mkanda chini ya tumbo, nikarefusha pumzi, macho nikayaweka kwenye chupa ya maji iliyokuwa nusu mezani. Maji yalikuwa yakiyumba kidogo tu, pungufu ya yanavyoyumba ndani ya basi kwenye kona za Segera. Tumbo lilikuwa likisema tunaanguka na chupa inasema hapana, nikaamua kuiamini chupa. Kahawa nilikuwa nimeiacha tangu jana yake, maana kwa mwenye hofu ni kuongeza mapigo ya moyo yasiyohitajika.

Mama kiti chake kilikuwa cha ujiani ili achukue nafasi ya kwenda msalani na kunyoosha miguu. Kila baada ya muda nilimkumbusha azungushe vifundo na kuinua visigino, kwani miguu ikining'inia bila kazi hujaa maji, na kwa mzee damu inaweza kuganda.

Addis Ababa, tulikopitia, uwanja uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mzee wa Ilala alikuwa ameliandika hilo nyuma ya karatasi. Hewa ni nyepesi, mabawa na injini hupata kidogo cha kushika, kwa hiyo ndege hukimbia ardhini mwendo mrefu zaidi kabla ya kuruka. Safari hii karatasi aliishika mama. Ndege ikakimbia, ikaendelea kukimbia.

"Mbona haijaruka?"

"Geuza nyuma."

Hajui kusoma haraka, akawa anafuatisha kwa kidole, na kabla hajamaliza mstari tulikuwa tumeacha ardhi. Akanirudishia karatasi niitie alama.

Kutoka Jidda hadi Madina kuna treni ya mwendo kasi ya Haramain, iliyoanza 2018, na inafika kwa chini ya saa mbili. Kikundi chetu kilipangiwa basi. Mwenye mzee wa magoti aulize mapema, kwa sababu tofauti ya bei inaweza kulipwa na mgongo usiouma. Halafu abebe sweta. Mwezi wa Januari usiku wa Madina ni baridi kweli, na wengi wa kikundi chetu walikuja na kanga tu.

Ruhusa ya kuingia Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume, huombwa kwa simu kupitia programu ya Nusuk, na muda wa wanawake ni tofauti na wa wanaume. Maana yake mama aliingia bila mimi. Tulimkabidhi kwa kina mama wawili wa kikundi, shingoni kadi yenye jina la hoteli kwa Kiarabu na namba yangu, na tukakubaliana mlango wa kukutana kwa namba, si kwa rangi wala umbo, kwani milango ya pale hufanana. Alitoka macho mekundu na hakusema neno hadi hotelini. Sikumuuliza.

Abyar Ali nilivaa shuka zangu mbili nikiwa na nafasi ya kutosha, nikajipaka mafuta yasiyo na harufu ndani ya mapaja. Wanaume wanene na wembamba wote huchubuka siku ile, na michubuko ndiyo huharibu mwendo wa sai, ule wa kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa. Mama alibaki na nguo zake za kawaida, uso na viganja wazi.

Makka tuliingia usiku, na tulisubiri hadi baada ya Isha umati ulipopungua. Kosa la wengi ni kuanza tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, muda mfupi kabla ya adhana, safu zikipangwa mnanaswa katikati na kiti. Mizunguko saba huhesabiwa kuanzia usawa wa Jiwe Jeusi, na taa ya kijani ukutani hukuonyesha mstari. Ghorofa za juu kiti hupita kwa raha, ila mzunguko ni mrefu zaidi kwa sababu unakwenda mbali na Kaaba. Idadi niliishika kwa punje saba za tasbihi, na ukishuku huchukua hesabu iliyo ndogo. Sai ni safari saba za takriban mita 450 kila moja, zaidi kidogo ya kilomita tatu, na katikati kuna njia maalumu ya viti. Mama alitaka safari ya mwisho aitembee mwenyewe. Nikasukuma kiti kitupu nyuma yake, polepole, watu wakitupita pande zote, hadi Marwa. Pale nikamkata nywele kwa mkasi mdogo, kiasi cha ncha ya kidole, ndani ya mtandio wake.

Wakati wa kurudi alisema anataka dirisha. Pembeni yetu alikaa bibi mmoja wa Tabora, mikono imekaza mkanda, midomo inasoma. Injini zilipopunguzwa nguvu akaruka kitini.

"Tulia, ndugu yangu," mama akamwambia. "Bado tunapanda. Hilo ni la nne."

Kisha akanigeukia.

"Na Baitul Maqdis, kule Yerusalemu, ndege yake inapitia wapi?"