Sufuria ya Shangazi na Chumvi Iliyokataa Kuyeyuka

Kidato cha pili nilipata 31 kwa 100 katika kemia, na mada iliyonimaliza ni bondi, yaani jinsi atomi zinavyoshikana. Kila niliyemwuliza alinijibu: kariri. Chumvi ioni (atomi hupeana elektroni), sukari kovalenti (atomi huchangia elektroni), basi. Nikakariri kama kasuku, mtihani ukaja kuuliza kwa nini. Walionipa ushauri ule sijawasamehe.

Nilichokuja kuelewa nilikielewa Kibokoni, jikoni kwa shangazi anayepika kashata za kuuza. Sukari akiitia kwenye sufuria, muda si muda imekuwa uji. Nikawaza, chumvi nayo si nyeupe, nayo si chengachenga? Itashindwaje? Alipokwenda msibani nikamwaga kofi zima la chumvi ya mawe, nikapepea makaa mpaka mkono ukafa ganzi. Chumvi ikaanza kuruka, pa! pa! Maji yaliyonaswa ndani ya fuwele yalikuwa yanageuka mvuke na kuzipasua. Chenga moja ikanipata chini ya jicho. Kuyeyuka, hata dalili. Shangazi akarudi.

"We mwana, wapika kokoto?"

Baadaye ndipo nikasoma kwamba chumvi huyeyuka kwa nyuzi 801. Alumini ya sufuria, 660. Yaani ningepepea kwa bidii zaidi, ingetangulia sufuria!

Sababu ni hii: ndani ya chumvi, sodiamu (elektroni zake zimepangwa 2,8,1) humpa klorini (2,8,7) elektroni yake ya nje, wakawa ioni, yaani atomi zenye chaji, kila mmoja na chaji tofauti. Kila ioni imekumbatiwa na sita za chaji nyingine, pande zote. Hapo hakuna molekuli, yaani kundi la atomi zilizofungana, ya kuchomoka peke yake. Molekuli za sukari zimeshikana kwa udhaifu, zikifika kama nyuzi 186 zinaachiana. Bondi za ndani ya molekuli ndizo ngumu, na nilizivunja pia, kwa kusahau sukari motoni. Ule weusi uliobaki ni kaboni.

Umeme nao ulinitesa siku tatu. Glopu ya tochi kwenye maji ya chumvi haikuwaka ng'o, nikadhani kitabu kinadanganya. Kumbe mkondo ulikuwa mdogo mno. Nikang'oa kitaa chekundu cha LED kwenye gari bovu la mdogo wangu, nikaunga betri tatu, na badala ya misumari nikatumbukiza penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili, maana ndani yake mna grafiti, na grafiti hupitisha umeme. Chumvi kavu, kimya. Maji ya sukari, kimya. Maji ya chumvi, kikawaka! Ioni zikiwa kavu zimefungwa mahali pamoja, majini zinatembea. Kugeuza miguu ya kitaa ukiona kimya, hilo sitaji.

Muhula uliofuata swali hilohilo likaja, la alama mbili. Niliandika nusu ukurasa.

Sufuria mpya nililipa kwa mafungu, mia nne au mia tano hivi. Ile ya chumvi sasa wanywea maji kuku.