Babu hatoki stesheni

"Huyu ametokea wapi? Umechanganya watu wa skeli mbili."

Shemeji alisema hivyo Jumapili, ameinamia stesheni yangu ya Voi, ile ndogo ya mfano niliyoijenga mezani, akionyesha sanamu ya Babu, na kikombe cha chai mkononi. Nikajibu tu, "Hapana, shemeji, ndivyo walivyokuwa." Akatabasamu, akarudi sebuleni kutazama mpira. Tangu hapo Salome ameolewa, ofisi nayo imetangaza kwamba tunahamia Athi River, na mimi bado natafuta jibu nililopaswa kumpa.

Ningemwambia atazame vichwa. Katika skeli ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, mtu wa mita 1.75 anakuwa na milimita 20. Yule mwenzake Babu aliyeshughulikia moto alikuwa mfupi, mita 1.60 hivi, kwa hiyo nimempa milimita 18 na nusu. Babu wa mita 1.90 anakaribia 22. Wakisimama bega kwa bega pengo linaonekana, naam, lakini lilionekana hata walipokuwa hai! Mtu wa 1:76, skeli iliyo kubwa kidogo, ningemjua mara moja: kichwa, viganja, hata kofia, vyote vingewazidi wenzake. Kichwa cha Babu ni sawa na cha wengine. Nilimkata magotini nikamrefusha kwa waya na puti, maana mtu mrefu urefu wake mwingi uko miguuni. Sanamu za dukani karibu zote huwa za kimo kimoja, na macho yakishazoea hayo, stesheni ya watu wa kweli huonekana ina kasoro.

"Ndivyo walivyokuwa." Mbona niliisema kwa sauti ya chini vile?

Jana usiku nilikuwa napaka rangi injini, ile Garratt ya daraja la 59, injini kubwa ya mvuke, moja ya zile 34 zilizotoka Manchester zikapewa majina ya milima. Ina sentimita 36 na zaidi, hakuna kitu kirefu kama hicho pale mezani. Na shemeji hakuiuliza! Jicho lake lilimwendea Babu kwanza. Kanisani ilikuwa hivyo, sokoni hivyo, na kwenye picha ya harusi ya Mama kila mgeni huanza na yeye: "Na huyu mrefu ni nani?" Nilifurahi mpaka nikaweka brashi chini. Babu hatoki.

Vidonge vya Mama vya presha vinaisha Alhamisi. Duka la dawa limeleta vya rangi nyingine, na amekataa katakata kuvimeza. Kesho lazima nimpate daktari kwa simu kabla sijaingia kazini.